Nyungunyungu wa Shimo la Saba

Faksi ilifika Jumatatu saa nne asubuhi, na kufikia saa nne na nusu Yudith alikuwa ameshakwenda chooni mara mbili. Ndivyo alivyoumbwa. Wapo watu ambao wakiingiwa na hofu hugomba, na wapo wanaochekacheka ovyo. Yeye tumbo lake ndilo lililopokea habari zote mbaya kabla kichwa hakijaarifiwa.

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari minne. Daktari Bupe Anyitike, mtaalamu wa viumbe wa udongo kutoka Morogoro, angefika Dodoma siku ya Alhamisi kuliangalia shimo la saba, lile la Mkonze. Wataalamu wa ng'ambo waliokuwa wakikusanya hesabu za nyungunyungu kutoka nchi hamsini na tatu, ili ijulikane ni aina zipi zinaishi wapi na kwa wingi gani, walikuwa wamevutiwa mno na matokeo ya shimo hilo. Wamevutiwa mno. Yudith aliyasoma maneno hayo mawili mpaka yakaanza kumzomea.

Shimo la saba halikuwa na nyungunyungu hata mmoja. Wale kumi na wanne waliomo kwenye fomu aliwaandika yeye mwenyewe, kwa kalamu yake, amekaa kitini ofisini na kikombe cha chai pembeni.

Sasa mtu asiharakishe kumwita mwongo. Yudith alikuwa fundi sanifu wa kitengo cha udongo katika kituo kimoja cha utafiti pale mjini, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupika hesabu yoyote, hata ile ya kipimo cha mvua ambayo wenzake waliipika kila walipochelewa kuamka. Zoezi la nyungunyungu lilipoletwa mwezi wa kwanza aliliendesha kwa moyo wake wote. Maelekezo yalitaka mashimo kumi na mawili, kila moja sentimita thelathini kwa thelathini, kina ishirini. Udongo ulimwagwa juu ya turubai jeupe, ukachambuliwa kwa vidole kama mchele wa sikukuu. Kisha maji ya haradali yalimiminwa shimoni ili kuwawasha waliojificha watoke. Unga wa haradali haukupatikana, kwa hiyo Yudith alinunua mbegu dukani, akazitwanga nyumbani kwake Makole huku machozi yakimbubujika, na jirani akaja kumpa pole akidhani kuna msiba.

Baada ya taabu yote hiyo, matokeo yalikuwa haya. Kwenye shamba la zabibu la Hombolo, palipo na maji na samadi, walitoka nyungunyungu thelathini na sita. Mashimo mengine kumi na moja yalitoa mchwa, mabuu na kipande cha kandambili. Mvua zilikuwa zimegoma mwaka ule, na ardhi ilikuwa kavu kabisa.

Akaandika sufuri kumi na moja, akampelekea mkuu wake wa kitengo, Bwana Octavian.

"Mama Anitha, hii nini?" Bwana Octavian alimuuliza Yudith kwa jina la mwanawe, kidole kikiwa juu ya safu ile.

"Ni sufuri, mzee."

"Naona kuwa ni sufuri. Nauliza, hii nini?"

Naye Bwana Octavian asichekwe, maana alikuwa na kovu lake. Mwaka wa sabini na sita, akiwa bwana shamba kijana, alitakiwa kujaza ekari za mtama zilizolimwa kwenye kata yake. Mvua haikunyesha, hakuna aliyelima, akaandika sufuri. Wenzake wa kata za jirani, ambako nako hakuna aliyelima, waliandika mia mbili, mia tatu. Wiki haikuisha, akapewa uhamisho kwenda mahali ambapo barua zilifika zikiwa zimezeeka, akakaa huko miaka sita. Tangu hapo alijifunza jambo moja la utumishi, na alilifundisha kwa kila aliyekaa chini yake: namba inaweza kuwa ndogo, inaweza hata kuwa ya aibu, ila mtu haandiki sufuri. Kizazi chao chote kilifanya kazi hivyo. Katika makabati ya ofisi ile ungefukua makaratasi ya miaka ishirini usikute sufuri moja.

"Unajua wanachofanya wizarani sasa hivi?" alisema. "Wanatengeneza orodha. Kitengo kisicho na matokeo kinafutwa, na watu wake wanapunguzwa. Wewe unanipa sufuri kumi na moja niwapelekee?"

Neno kupunguzwa lilitosha. Mumewe Yudith, Damas, alikuwa ameshapunguzwa mwaka juzi shirika lake lilipouzwa. Hadi leo aliamka saa kumi na mbili, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa barazani hadi jioni, na mtu akipita Damas huwahi kumsalimia ili asiulizwe mbona hujaenda kazini. Yudith alikuwa hawezi kulitazama shati lile bila roho kumwenda mbio. Watu wawili wa kukaa baraza moja, nyumba ile isingewavumilia.

Walivutana. Bwana Octavian alitaka mashimo yote kumi na moja yapewe chochote. Yudith akamsihi, mwisho wakakubaliana moja. "Moja tu," Bwana Octavian alisema, "tuonekane tupo." Yudith akachagua la saba, kwa kuwa lilikuwa karibu na barabara. Na kwa kuwa fomu ilitaka na vichupa vya spiriti vyenye wadudu wenyewe, alichukua kumi na wanne kutoka kwenye chupa ya Hombolo, akawahamishia kwenye chupa ya Mkonze. Hombolo wakabaki ishirini na wawili. Akatia saini chini, akajiambia kwamba kati ya maelfu ya mashimo ya dunia nzima nani atalitafuta la kwake.

Wamelitafuta hilohilo. Zile sufuri kumi hakuna aliyeziuliza.

"Wanasema ni aina ya bustanini," Yudith alisema mchana ule, ameishika faksi kwa mikono miwili. "Aina inayotaka majimaji. Wanashangaa inaishije Mkonze kwenye ukame."

Bwana Octavian alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akafungua droo, akautoa ufunguo wa Landrova ya kitengo, akauweka mezani mbele ya Yudith.

"Mimi sijui kitu," alisema. "Nasema tu kwamba Jumatano gari halina safari."

Jumatano asubuhi Yudith aliliendesha gari hadi Hombolo akiwa na mzee Methusela. Huyu alikuwa kibarua wa mashimo, Mgogo wa hapohapo Mkonze, mtu aliyekula chumvi nyingi na mwenye maneno machache. Ndiye aliyechimba mashimo yote kumi na mawili. Yudith hakumweleza wanakwenda kufanya nini. Alifikiri njia nzima jinsi ya kumweleza, akapanga maneno, akayapangua, na walipofika kwenye mizabibu alimpa tu ndoo na kusema, "Mzee, nahitaji kama hamsini hivi, wakiwa hai, na udongo wao."

Methusela akachimba, akahesabu hamsini na wawili, akawafunika kwa gunia bichi. Hakuuliza.

Ilikuwa Mkonze ndiko mambo yalikowashinda kuyaficha. Udongo wa shimo la saba ulikuwa mkavu kiasi kwamba nyungunyungu wa Hombolo wasingemaliza saa nzima. Walihitaji maji, na maji yalikuwa kwenye kisima kimoja ambako wanawake walikuwa wamepanga ndoo tangu alfajiri. Methusela aliongea nao kwa Kigogo, wakamruhusu apite mbele kwa heshima ya umri wake. Akarudi na ndoo mbili. Yudith alikuwa ameshatawanya nyungunyungu kwenye kipande cha ardhi alichokilainisha kwa jembe, hatua mbili kutoka shimo la zamani, akawafukia kwa mikono. Methusela akasimama na ndoo ya kwanza, akaiangalia.

"Maji yote haya, mama?"

"Yote, mzee."

Akamwaga. Ardhi ikayanywa kwa sauti. Wanawake wawili waliokuwa wakirudi kisimani walisimama kutazama, na mmoja akauliza kwa sauti ya utani isiyokuwa na utani, "Babu, mnapanda nini na mvua hakuna?"

"Dawa," Methusela alijibu. "Tunatia dawa."

Akamwaga na ndoo ya pili. Kisha akatandaza majani makavu juu ya ule unyevu, vizuri, kama mtu anayeijua kazi yake, na njia nzima ya kurudi mjini alitazama dirishani. Yudith alitamani mzee amseme. Angemsema angepumua. Lakini mzee yule alikuwa amedanganya kwa ajili yake bila kuombwa, na Yudith aliona aibu kama msichana aliyefumaniwa.

Alhamisi hakunywa chai. Daktari Bupe Anyitike alifika saa tatu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, amevaa viatu vya mpira vya kuingilia shambani na amebeba kikapu badala ya mkoba. Alimwamkia Bwana Octavian shikamoo, akampa Yudith mikono yote miwili.

"Dada Yudith! Nimesoma fomu zako zote kumi na mbili. Una mwandiko wa mtu mwaminifu."

Yudith alicheka. Kicheko kilitoka chembamba, kikakatika katikati. Bwana Octavian akaingilia haraka kuuliza habari za safari.

Mkonze, Methusela alikuwa akiwangoja na chepe lake na sururu. "Mbukwenyi," alimsalimu mgeni, naye Daktari Bupe akaomba afundishwe kuitika, akakosea, wakacheka. Kila alipocheka Yudith alizidi kuogopa. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi kumdanganya.

Daktari Bupe akalitazama shimo la zamani, akaangaza huku na huku. "Nataka kuchimba jingine jirani. Niende hatua kumi upande ule?"

"Upande ule kuna mawe," Yudith alisema, akajisikia amesema haraka mno. "Hapa ndipo laini. Hapa kwenye majani."

Daktari Bupe akamtazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye mwenyeji."

Methusela akachimba. Chepe liliingia bila taabu, na katika ardhi ile chepe kuingia bila taabu lilikuwa jambo la kumshangaza hata mtoto. Turubai likatandazwa, udongo ukamwagwa, na hao wakaonekana, wekundu, wabichi, wakijinyonganyonga juani. Tisa. Yudith aliwahesabu tena kwa nafuu.

"Pamenyesha hapa?" Daktari Bupe aliuliza, akifinya udongo.

"Manyunyu," alisema Bwana Octavian. "Juzi. Mvua za huku zinachagua mahali."

Daktari Bupe akageuka kuitazama nchi iliyowazunguka, mashamba ya uwele uliokaukia magotini, vumbi, mbuzi watatu wakitafuna kitu kisichoonekana. Hakubisha. Aliandika. Yudith aliiangalia ile kalamu ikitembea, akahesabu mistari, akafikiri, imepita, Mungu wangu, imepita.

"Kinachonisumbua," Daktari Bupe alisema, akiwa ameinama juu ya turubai, "ni kwamba hawa nawafahamu. Wamejaa bustanini kwetu Tukuyu. Wakikosa maji siku mbili tatu wanakufa. Manyunyu ya juzi sawa, lakini mwezi uliopita walikuwa wanaishije?"

Bwana Octavian alikohoa. Methusela, aliyekuwa ameegemea chepe, akasema, "Wanalala, mama daktari."

"Wanalala?"

"Jua likizidi wanashuka chini. Wanajikunja, wanalala, wanangoja mvua."

Yudith alimtazama kwa shukrani iliyochanganyika na kihoro. Alijua anamwokoa. Alidhani anatunga.

"Umewaona kwa macho yako, mzee?"

"Tukichimba choo tunakutana nao."

"Kina gani?"

Methusela akaweka kiganja kiunoni. Daktari Bupe akakunja mikono ya shati lake. "Nionyeshe," alisema.

Wakachimba zaidi ya saa nzima, wakipokezana, mzee na daktari. Sururu ilidunda juu ya udongo mgumu ikatoa cheche. Bwana Octavian alikwenda kukaa ndani ya gari. Yudith alisimama ukingoni akiomba dua ya ajabu, kwamba asionekane mdudu yeyote, mzee aseme amesahau, wote waende zao. Shimo lilipomfika Methusela kiunoni aliweka sururu kando, akapiga magoti, akaanza kuchokonoa kwa vidole kwenye ukuta wa shimo. Akatoka na donge la udongo kubwa kama limau. Alilivunja polepole, kama anavyovunja yai mtu asiyetaka kiini kipasuke.

Ndani mlikuwa na kijumba kilicholainishwa, na ndani ya kijumba nyungunyungu aliyejifunga fundo, mnene kama kidole, wa rangi ya majivu. Hakuwa mwekundu. Hakufanana na wale tisa kwa lolote. Baada ya muda fundo lilisogea kidogo.

Daktari Bupe alikaa chini kwenye vumbi. Alimpokea kwa viganja viwili, akamgeuza kwenye mwanga, akatafuta ule mkanda ulioko karibu na kichwa ambao wataalamu huutumia kutambua aina, akahesabu pingili kwa midomo, akahesabu tena.

"Huyu simjui," alisema. "Nimetazama nyungunyungu miaka kumi na miwili, na huyu simjui. Mzee, mnawaona siku zote?"

"Siku zote."

"Na walipokuja kupima hukusema?"

"Karatasi ilisema sentimita ishirini. Nilifika ishirini nikaambiwa basi."

Aliyemwambia basi alikuwa Yudith. Alikumbuka hata saa. Mashimo kumi na moja alisimama juu ya viumbe hawa, mita moja haifiki chini ya miguu yake, na kila mara alisema basi mzee, tuhamie lingine. Zile sufuri zilizomkosesha usingizi hazikuwa sufuri.

Daktari Bupe alikuwa ameshainuka na maneno yanamtoka kwa kasi. Huu ulikuwa mradi wa miaka mitatu, miwili kwa uchache. Wangechimba nyanda zote hizi, hadi Singida. Angemwandikia mkurugenzi leo hii kwamba kitengo hiki kisiguswe na mtu, na dada Yudith ndiye angesimamia kazi, nani mwingine? Bwana Octavian alikuwa ameshashuka garini akiwa na uso uliorudi ujana. Yudith alisikia maneno kitengo kisiguswe, akamwona Damas barazani na shati lake, akajiona yeye akitoka asubuhi na kurudi jioni kwa miaka mitatu zaidi. Salama yake ilikuwa pale, imekamilika. Alichotakiwa ni kutosema kitu.

"Limebaki jambo moja," Daktari Bupe alisema. Aliweka wale wekundu upande mmoja wa turubai na yule wa majivu upande mwingine. "Aina mbili, shimo moja. Ya juu inataka maji, ya chini inalala bila maji. Haijaandikwa popote. Nikiipeleka hivi wataniuliza maswali mia, na ushahidi wangu ni mmoja tu, mtu aliyezaliwa hapa." Akafungua ukurasa mpya. "Mzee, jina lako kamili?"

"Methusela Mazengo."

"Mzee Methusela. Hawa wekundu wa juu, umewahi kuwaona hapa zamani?"

Methusela alimtazama Yudith. Hakukuwa na lawama katika macho yake, na hilo ndilo lililomuumiza Yudith. Yalikuwa macho ya kibarua anayesubiri kuelekezwa achimbe wapi.

"Wapo," alisema polepole. "Hao wa juu... wapo. Tangu utoto wangu..."

Kalamu ikaanza kuandika. Yudith aliliona jambo lote hadi mwisho wake. Watakuja wengine kutoka ng'ambo, watachimba, wekundu hawataonekana, na wataambiana kwamba yule mzee wa Mkonze ni mwongo. Na akishakuwa mwongo wa wekundu, nani atamsadiki kwa wale wanaolala? Alikuwa anaitoa kauli yake, kitu pekee alichokuwa nacho ambacho watu wa nchi hamsini na tatu hawakuwa nacho, anampa Yudith aifutie makosa.

"Mzee, basi," Yudith alisema.

Kalamu ikasimama.

"Hajawahi kuwaona. Nimewaleta mimi jana kutoka Hombolo, kwa ndoo. Na wale wa kwenye fomu ni wa Hombolo pia. Mzee nilimtumikisha tu, hakujua."

"Na maji?" Daktari Bupe aliuliza.

"Na maji niliyamwaga mimi."

Bwana Octavian alisema, "Mama Anitha hajisikii vizuri tangu asubuhi, Daktari, hajala," lakini alisema kwa sauti ya mtu anayejua gari limeshaondoka. Daktari Bupe hakumtazama. Alikuwa amemkazia macho Yudith, na uso wake ulikuwa ukibadilika taratibu, furaha ikitoka sehemu moja baada ya nyingine.

"Shimo hili nalifuta," alisema. "Pamoja na huyu aliyelala. Siwezi kupeleka kiumbe kipya kutoka kwenye shimo lililotiwa vitu. Na zile fomu kumi na mbili nazifuta zote."

"Hombolo ni kweli," Yudith alisema. "Daktari, Hombolo walitoka kweli. Niliwahesabu mwenyewe."

"Wangapi?"

"Thelathini na sita."

"Fomu inasema ishirini na wawili."

Yudith akawatazama wale wekundu kwenye turubai.

"Labda ni kweli," Daktari Bupe alisema. "Labda na zile sufuri kumi ulizipima vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini mimi nitajuaje?"

Aligeuka, akamwomba Methusela amchagulie mahali pengine, mbali na hapa, popote anapopajua yeye, wachimbe upya. Kisha akaongeza, kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko tusi, "Na mama huyu asiguse kitu, tafadhali."

Asubuhi alikuwa dada.

Bwana Octavian alimpitia Yudith karibu sana akielekea kwenye gari. "Jumatatu orodha inakwenda wizarani," alisema, bila kupandisha sauti. "Jina lako naliandika kwa mkono wangu." Yudith aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaogopa, anaogopa mno, hakupata ule wepesi ambao watu husema huja baada ya kusema kweli. Aliona tu mbele yake Jumatatu, na Jumanne, na baraza.

Hata hivyo hakupanda gari. Aliwafuata kwa mbali hadi nyuma ya kichuguu ambako Methusela alikuwa ameshaanza kuchimba, akasimama hatua kadhaa kutoka kwenye shimo, mikono nyuma. Jua lilikuwa utosini. Udongo ulitoka mkavu, mgumu, usiokuwa na tone la maji wala nyungunyungu wa juu, hadi shimo likamfika tena mzee kiunoni, akapiga magoti, akatoka na donge.

Daktari Bupe alilivunja mwenyewe safari hii. Walikuwa wawili ndani, wamefungana pamoja, na mmoja alianza kujifungua na kujinyoosha kwenye kiganja chake, akipapasa.

"Anakauka," alisema. "Kitambaa! Nani ana kitambaa kibichi?"

Kikapu kilikuwa kimebaki kwenye shimo la saba. Methusela alijipapasa mifukoni bila kupata kitu. Yudith alifungua kitambaa cha kichwani kwake, kilichofuliwa jana yake, akakimwagia maji ya chupa aliyokuja nayo ya kunywa, akakikamua, akapiga hatua mbili na kunyoosha mkono.

Daktari Bupe alikitazama kitambaa, kisha mkono. Mkono wake mwenyewe haukuinuka.

"Kiweke hapo chini, mama," alisema. "Mzee atakichukua."

Yudith aliinama, akakiweka juu ya udongo, akarudi nyuma hadi pale alipokuwa. Methusela akakiokota, akakikung'uta vumbi, akawafunika wale wawili pamoja. Daktari Bupe akamuuliza tena jina lake, herufi kwa herufi, akaliandika mahali pa aliyekusanya, na Yudith alibaki amesimama juani, kichwa wazi, akiwatazama wakishuka tena shimoni kupima kina.